Tezi Imevimba, Kinyama Kimekatwa: Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Kutambua Limfoma

Mimi ni daktari wa patholojia hapa Dar es Salaam. Wagonjwa wengi hawanijui kwa sura. Wanamjua aliyewakata tezi, wanamjua anayewaandikia dawa, ila aliyekaa na kinyama chao mbele ya hadubini hawamwoni. Hata hivyo maswali yananifikia: kwa ndugu anayefuatilia majibu dirishani, kwa madaktari vijana, kwa simu za usiku za watu niliosoma nao. Nimekusanya yale yanayojirudia zaidi. Yote yanahusu limfoma, yaani saratani inayoanzia kwenye seli nyeupe za kinga ziitwazo limfosaiti, ambazo makazi yake makubwa ni tezi za shingoni, kwapani, kinenani, kifuani na tumboni.

Nina tezi shingoni. Kwa nini nisipimwe damu tu, yakaisha?

Damu inaeleza mengi: kama una VVU, kama wekundu wa damu umepungua, kama ini na figo zinafanya kazi. Haisemi ndani ya tezi ile kuna nini. Zipo limfoma zinazomwaga seli zake kwenye damu, lakini nyingi hubaki tezini, na damu ya mgonjwa inatoka safi kabisa huku tezi ikiendelea kukua. CT Scan itaonyesha tezi ziko wapi na zina ukubwa gani, lakini jina la ugonjwa linapatikana kwenye nyama yenyewe.

Si kila tezi ya kukatwa. Jino bovu, koo, kidonda kichwani kwa mtoto: tezi huvimba, kisha hurudi. Inayonitia wasiwasi ni iliyopita wiki 4, iliyozidi sentimita 2, isiyouma, yenye ugumu wa kunesa kama ufutio wa shule. Iliyo juu ya mfupa wa mtulinga inanitia wasiwasi zaidi. Ikiambatana na homa zisizoeleweka, jasho la usiku la kulowesha shuka, na kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6, usingoje.

Natumia dawa za TB, huu mwezi wa tatu, na tezi inazidi kukua. Niendelee?

Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Ila rudi hospitali wiki hii, na uulize bila woga: "Dokta, hii TB ilithibitishwaje?"

Swali hili linaniuma kuliko yote. Kifua kikuu kwetu ni kingi, na TB ya tezi ipo kweli, kwa hiyo daktari anayeifikiria kwanza hajakosea. Homa, jasho la usiku, kukonda, tezi shingoni: magonjwa haya mawili yanavaa nguo moja. Kosa linaanza pale dawa zinapotolewa bila kinyama wala makohozi kupimwa, dozi ya miezi 6 inakwisha, na ndipo mtu anapelekwa kukatwa tezi. Ziko limfoma zisizoweza kungoja hata wiki 6.

Mkanganyiko huu ni wa zamani kuliko hospitali zetu. Thomas Hodgkin aliueleza ugonjwa unaobeba jina lake, ambao ni aina ya limfoma, mwaka 1832 kule London, kwa kutazama maiti zilizopasuliwa kwa macho yake tu. Mwaka 1898 Carl Sternberg aliona kwa hadubini seli kubwa za ajabu ndani ya tezi za aina hiyo, akahitimisha kuwa ni namna ya pekee ya kifua kikuu. Ni mwaka 1902 ambapo Dorothy Reed, mwanamke kijana aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, alizichora seli zilezile kwa mkono na kusema wazi kuwa huu ni ugonjwa mwingine. Leo tunaziita seli za Reed-Sternberg. Kama mtu makini mwenye hadubini aliteleza, namwelewa mwenzangu wa zahanati asiye nayo. Ninachomwomba ni kwamba tezi isipopungua, aitume.

Niseme na upande wa pili. TB ya tezi yenyewe huweza kuvimba zaidi wiki za mwanzo za dawa, kinga inapoamka. Kukua peke yake hakuthibitishi saratani. Kinachoamua ni nyama: kwenye TB tunaona granuloma, yaani seli za kinga zilizojikusanya duara, na katikati pamekufa, peupe, panameguka kama maziwa mgando yaliyokauka. Tukitia rangi ya Ziehl-Neelsen, na bahati ikiwepo, vijidudu vinaonekana kama vijiti vyembamba vyekundu. Na hata hapo hatufungi jalada haraka, kwa sababu limfoma ya Hodgkin nayo huweza kuzungukwa na granuloma, na kuna tezi moja moja zenye magonjwa yote mawili.

Sindano inatosha, au lazima nikatwe tezi nzima?

Sindano nyembamba inanyonya seli zilizotawanyika. Kwangu ni kama kuletewa kiroba cha matofali na misumari, kisha niulizwe nyumba ilikuwa na vyumba vingapi. Kwa TB sindano hiyo inafaa. Kwa saratani iliyotoka titi au koo ikaingia tezini, inafaa pia. Kwa limfoma inaweza kunishtua, lakini mara nyingi hainipi jina kamili.

Sindano nene, inayotoa vijiti vya nyama, ni afadhali zaidi. Tunaitegemea pale tezi ikiwa ndani sana, kifuani au nyuma ya tumbo, na tunaomba vijiti kadhaa, siyo kimoja.

Tezi nzima ikiwezekana, itolewe nzima. Sababu yangu kubwa ni Hodgkin: seli za Reed-Sternberg ambazo ndizo saratani yenyewe mara nyingi hazifiki hata 1 kati ya seli 100 za tezi hiyo. Zilizobaki ni seli za kawaida zilizokuja kushangaa. Ukichota kidogo, unaweza kuchota washangaaji watupu.

Na itolewe ile kubwa, inayokua, siyo ile rahisi kufikiwa. Za kinenani ziwe chaguo la mwisho kama kuna nyingine, kwa sababu miguu yetu imepata vidonda tangu utotoni na tezi za huko zimejaa makovu yanayochanganya.

Kisu kikigusa saratani, si ndiyo inasambaa?

Hapana. Najua msemo huu umeenea mitaani, na najua una chanzo: watu wamewaona ndugu zao wakikatwa kinyama, wakafariki baada ya muda mfupi. Wengi wao walifika ugonjwa ukiwa umekomaa, na kisu ndicho kikabebeshwa lawama. Limfosaiti ni seli za safari kwa asili yake, zinazunguka mwilini usiku na mchana, na kutoa tezi moja hakuzifungulii mlango usiokuwepo. Bibi yako akisema usikatwe, mpigie daktari simu aongee naye. Nimeona mara nyingi mazungumzo ya dakika 10 yakiokoa miezi.

Kinyama kikitoka kwangu kinapita wapi?

Tezi ikitoka mwilini inaanza kuoza palepale, seli zikijimeng'enya zenyewe, na joto la Dar linaharakisha. Kinachozuia ni fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhia nyama. Iwe nyingi, angalau mara 10 ya ujazo wa tezi, kwenye chupa yenye mdomo mpana. Fomalini huingia kwenye nyama polepole, kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo tezi kubwa ikitumbukizwa bila kupasuliwa, nje inaiva na katikati panaoza. Inatakiwa ikatwe vipande vyembamba kwanza.

Siku moja niliweka mezani kichupa kilichosafiri kwa basi usiku kucha kutoka mkoani. Lebo ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri: jina, miaka 19, tezi ya shingo. Ndani hamkuwa na fomalini, yalikuwa maji ya dripu. Nilipofungua kifuniko, harufu ilinijibu kabla sijashika kisu. Tuliipitisha hivyo hivyo, na kwenye kioo tukaona mivuli ya waridi isiyo na viini, kama picha iliyolowa mvua. Kijana yule akakatwa tezi nyingine, na wiki zikapotea. Aliyeiweka mule hakuwa mzembe. Stoo haikuwa na fomalini, akatumia alichonacho. Ndiyo maana nalisema hili kila nipatapo nafasi: kama fomalini hakuna, tafuta fomalini kwanza ndipo ukate.

Tuendelee. Nyama ikishaiva kwenye fomalini, inapitishwa kwenye alkoholi za nguvu tofauti ili maji yatoke, kisha kwenye zailini, kisha kwenye nta ya moto. Nta inaganda na kuwa kibonge. Fundi wa maabara anakifunga kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia, na kukata utando wa maikroni 3 au 4 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani una unene wa tando kumi na tano hivi. Utando unaelea juu ya maji ya uvuguvugu, anauzoa kwa kipande cha kioo kama mtu anayeopoa jani lisikunjike. Mkono wa fundi huyu ndio macho yangu: akikata nene, seli zinalaliana nami sioni kitu. Mwisho inatiwa rangi mbili, hematoksilini inayotoka kwenye mti wa Amerika ya Kati na kugeuza viini kuwa vya zambarau, na eosini inayoacha kilichobaki na rangi ya waridi.

Mkiweka jicho kwenye hadubini, mnatafuta nini hasa?

Kabla ya seli natazama mtaa. Limfosaiti zina aina mbili kubwa, B na T, na tezi yenye afya imezipanga kama viwanja vilivyopimwa: vijiduara vya seli B pembezoni, eneo la seli T pembeni yake, na njia za limfu zikipita katikati. Naanza na lenzi ndogo na kujiuliza kama ramani bado ipo. Limfoma nyingi zinaifuta, nyumba zimejengwa hadi barabarani. Nyingine, kama limfoma ya folikula, zinajenga vijiduara vingi mno, vinavyobanana na kufanana kupita kiasi. Nikiona ramani imefutika, najua nina kazi, hata kabla ya kuona seli moja moja.

Ndipo napandisha lenzi. Rula yangu ni chembe nyekundu ya damu, ambayo ina upana wa maikroni 7 hivi na haikosekani kwenye kioo. Limfosaiti ndogo ya kawaida inakaribiana nayo, kiini chake ni cha duara na kimejaa weusi kama mbegu ya papai. Kwenye limfoma ya seli kubwa za B, ambayo duniani ndiyo inayoongoza kwa watu wazima, viini vinazidi mara mbili ya hicho, vimefunguka, ndani yake vinaonekana vijinukta vizito, na seli zimetandazwa bila mpangilio wowote. Nahesabu pia zinazogawanyika. Seli inayogawanyika huonekana kama mstari mweusi uliosimama katikati au nyuzi mbili zinazoachana.

Reed-Sternberg ukishaiona hutaisahau. Ni jitu lenye viini viwili, au kiini kimoja kilichogawanyika sehemu mbili, na katika kila upande kijinukta kikubwa chekundu kilichozungukwa na uwazi. Vitabu vinaifananisha na macho ya bundi yanayokutazama gizani. Bundi kwetu hana sifa nzuri, lakini mfano huu wanafunzi wangu hawaupotezi. Kuna siku nazunguka kioo kwa nusu saa nikiitafuta moja, nikipita kwenye umati wa limfosaiti, eosinofili (seli nyeupe za aina nyingine) na makovu. Na nikiipata sishangilii mapema, kwa sababu hata maambukizi ya kirusi cha Epstein-Barr kwa kijana huweza kutoa seli zinazofanana nayo. Seli ni lazima iwe na mandhari yake.

Limfoma ya Burkitt ni kinyume. Hapo seli zote zinafanana, za ukubwa wa kati, za buluu nzito, zimebanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili jioni. Katikati yake kuna makrofaji wakubwa weupe wanaomeza seli zilizokufa. Ukitazama kwa lenzi ndogo unaona anga la usiku lenye nyota, kama la Kigamboni umeme ukikatika. Ni mandhari ya kupendeza, na kila nikiiona nanyanyuka kitini kwenda kupiga simu, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 au 2.

Kama sura mmeiona, vipimo vya ziada vya nini? Vimetugharimu sana.

Najua vinagharimu, na siviombi kwa mazoea. Kwa rangi za kawaida, limfosaiti B na T hazitofautiki. Ni pacha waliovaa sare. Imunohistokemia ndiyo inayosoma vitambulisho vyao: tunamwaga kingamwili inayonasa alama moja tu juu ya seli, na ilipo alama hiyo panageuka kahawia. CD20 ikiwaka, tunasema B. CD3 ikiwaka, tunasema T. CD30 na CD15 zinapowaka kwenye yale majitu yenye macho ya bundi, Hodgkin inapata uzito. Ki-67 inaonyesha seli ngapi ziko kwenye kuzaliana, na kwenye Burkitt inakaribia asilimia 100.

Hii inabadilisha dawa. Rituximab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997, inashika CD20. Mgonjwa ambaye seli zake hazina CD20 hatafaidika nayo, hata akiuza kiwanja kuinunua. Kwa hiyo kipimo kile cha ziada kinaweza kukuokolea fedha nyingi kuliko kilichokula.

Ila kingamwili bila sura ni hatari. Nimeona ripoti zilizojaa alama za kujumlisha na kutoa huku hakuna aliyeeleza tezi ilionekanaje. Alama zinajibu swali, na swali lenyewe linatoka kwenye sura.

Majibu mbona yanachelewa?

Fomalini inahitaji takribani siku nzima, kuipitisha kwenye nta usiku mzima, kukata na kutia rangi siku nyingine, kisha nasoma. Nikihitaji imunohistokemia siku zinaongezeka, na kitendanishi kikiwa kimekwisha zinaongezeka zaidi. Ikifika wiki 2 bila neno, njoo na namba ya sampuli uulize. Huwasumbui watu, unafuatilia mwili wako.

Ripoti inasema hakuna saratani iliyoonekana. Basi nimalize?

Ripoti inazungumzia kipande nilicholetewa tu. Kama tezi imetoka yote na umepata nafuu, furahi. Kama ilikuwa sindano na tezi bado inakua, au homa na jasho vimebaki, rudi ukatwe tena. Kurudia kukata si aibu kwa daktari yeyote.

Mtoto wangu taya limevimba na meno yanalegea. Nimpeleke kwa daktari wa meno?

Mpeleke leo, popote palipo karibu, na useme neno "Burkitt" wewe mwenyewe. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika mwaka 1958 juu ya watoto wenye mataya kama hayo. Kutokana na uvimbe huo, mwaka 1964, kikagunduliwa kirusi cha Epstein-Barr. Unapatikana zaidi kwenye ukanda wenye malaria nyingi, na sisi tumo. Jino likitolewa hapo, tafadhali kinyama cha fizi kitumwe pamoja. Hapa Dar watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, na Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazopona kwa dawa pale mtoto anapowahi.

Nina VVU na natumia dawa vizuri. Tezi zangu ni za VVU tu?

Zinaweza kuwa. VVU chenyewe huvimbisha tezi mwili mzima. Lakini pia kinaongeza uwezekano wa limfoma ya seli kubwa za B, Burkitt, na limfoma ya plazmablasti ambayo hupenda kinywani. Hodgkin huweza kutokea hata kinga ikiwa imepanda vizuri. Kwenye tezi hiyohiyo nahitaji kutafuta TB na saratani ya Kaposi. Tezi moja iliyozizidi nyingine kwa ukubwa au kwa kasi ikatwe. Na hali yako ya VVU iandikwe kwenye fomu, mimi nisomaye ninatunza siri kama aliyeipima.

Kuna vidonge vya prednisolone nilipewa, tezi zikayeyuka. Ni dalili nzuri?

Ni dalili inayonitisha. Prednisolone ni dawa ya kundi la steroidi, na steroidi huua seli za limfoma kwa muda, na ukikatwa kipindi hicho naona makovu na seli mfu. Kisha ugonjwa unarudi. Kama limfoma inafikiriwa na hali inaruhusu, kinyama kitangulie vidonge. Kama umeshavimeza, sema ni lini na vingapi.

Mimi ni daktari wa mafunzo kwa vitendo. Kwenye fomu niandike nini?

Zaidi ya "tezi ya shingo, tafadhali chunguza". Andika umri, tezi iko wapi na tangu lini, homa na uzito, VVU, dawa za TB kama zipo, steroidi kama zipo, na saa tezi ilipoingia kwenye fomalini. Andika namba yako ya simu inayopatikana. Mdogo wangu, kwa fomu iliyojazwa nimewahi kubadili mawazo juu ya kioo kilekile. Mgonjwa wa miaka 8 na wa miaka 60 wanaweza kuwa na seli zinazofanana na magonjwa tofauti.

Ripoti haijaandika niko daraja la ngapi.

Daraja, yaani ugonjwa umeenea kiasi gani, kuanzia 1 hadi 4, hupangwa na daktari anayekutibu, kwa CT Scan na wakati mwingine uboho unaochukuliwa kwenye mfupa wa nyonga. Mimi nataja aina tu.

Tumeambiwa twende hospitali ya saratani ya Ocean Road, na kaka yangu anataka maoni ya pili nje. Naweza kupewa sampuli?

Ndiyo. Omba vioo pamoja na kibonge cha nta, siyo karatasi ya majibu peke yake, kwa sababu kutokana na kibonge wanaweza kukata tando mpya na kufanya vipimo ambavyo hatukuvifanya. Utasaini daftari kwamba umevichukua. Hakikisha namba iliyoandikwa kwenye kibonge, kwenye vioo na kwenye ripoti ni ileile, isome mwenyewe hapohapo dirishani. Vioo vikae kwenye kikasha chake cha plastiki, vimezungushiwa karatasi laini visigongane. Kibonge kiweke kwenye bahasha, ndani ya mkoba wako, kivulini. Nta ile huyeyuka kwenye nyuzi joto 56 na kuendelea, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani mchana wa Februari huweza kuikaribia. Mkimaliza, kirudisheni maabara kilikotoka, kwa sababu ugonjwa ukirudi baada ya miaka, hicho ndicho tutakachokitafuta kwanza.